Sikio Litangulie Jicho: Ugumu wa Kiingereza na Mtoto wa Pemba

Mazungumzo ya leo ni juu ya jambo linalozikera nyumba nyingi kila yanapotoka matokeo ya mitihani. Mtoto anasoma Kiingereza miaka kumi na zaidi, anajaza madaftari, anakariri orodha za maneno, kisha akitakiwa aseme sentensi tatu mbele ya mgeni hunyamaza. Mzazi humlaumu mtoto kwa uvivu, mwalimu huilaumu nyumba, na nyumba huilaumu skuli. Mimi nasema kwamba katika lawama zote hizo tumemsahau mshitakiwa mmoja, nayo ni lugha yenyewe. Kiingereza kina ugumu wa kweli, unaojulikana sababu zake na mahali ulipo, na sehemu yake kubwa imo katika maandishi. Herufi zake hazisemi inavyosema sauti yake. Sisi huku tumekuwa tukimfunza mtoto lugha hiyo kwa macho, yaani kwa ubao na daftari, kupitia upande wake usioaminika kuliko pande zote. Hoja yangu leo ni moja: katika kufunza Kiingereza, sikio litangulie jicho, na mpaka sikio lisimame, tusiifanye lugha hiyo kuwa mlango wa elimu nyengine.

Tuanze na kile anachokuja nacho mtoto. Mtoto wa Jadida, hapa Wete, Pemba, akifika umri wa miaka saba au minane, mara nyingi huwa tayari ameshaonja maandishi ya aina mbili. Asubuhi au jioni yuko chuoni, yaani chuo cha Qur'ani, anajifunza herufi za Kiarabu na irabu zake: fat-ha, kasra na dhumma. Pale herufi ikitiwa irabu husomeka kama ilivyoandikwa, leo na kesho, katika neno hili na lile, na mahali sauti inapobadilika kwa sababu ya herufi jirani, ipo kanuni iliyofunzwa. Skuli nako anajifunza Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na huko uaminifu ni mkubwa zaidi. Irabu ni tano: a, e, i, o, u. Kila moja ina sauti yake, wala haimezwi. Mtoto akishajua kusoma "karafuu", anaweza kusoma "marashi" na "Mtambwe" na jina la mtu asiyepata kumsikia. Ndiyo maana watoto wetu wengi, wakipata mwalimu wa kuwashughulikia, husoma Kiswahili kwa muda mfupi. Mafunzo hayo mawili humjengea mtoto imani moja kubwa: kilichoandikwa ndicho kinachotamkwa. Imani hiyo ni sahihi kwa kila alichokisoma mpaka hapo. Hajakosea kitu kuwa nayo.

Kisha huletewa Kiingereza, na Kiingereza huja na herufi zile zile za Kiswahili. Hapo ndipo penye mtego. Lau kingekuja na maandishi mageni kabisa, kama ya Kichina, mtoto angejua kwamba yuko katika nchi nyengine na angeuliza njia. Lakini anaona a, anaona i, anaona u, na huona yuko nyumbani. Ni kama sarafu ya sura moja inayotumika katika masoko mawili kwa thamani mbili, na mwenye kuingia soko la pili hakuambiwa. Naomba msikilizaji mwenye kalamu aandike. Kundi la herufi nne, o-u-g-h, katika neno though husomeka "o", katika through husomeka "u", katika rough huwa "af", katika cough huwa "of", na katika bough huwa "au". Herufi ni nne zile zile, na sauti ni tano. Sasa tugeuze upande wa pili. Sauti moja ya irabu, ile inayosikika katika neno la ndege, bird, ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika her, katika nurse, katika word na katika earth. Sauti ni moja, na njia za kuiandika ni tano. Kwa hiyo anayesoma hana hakika atamke nini, na anayesikia hana hakika aandike nini. Mtoto aliyezoea njia moja ya kwenda na kurudi, hapa huikuta imekatika pande zote mbili.

Upo ushahidi kutoka hapa hapa Zanzibar kwamba Waingereza wenyewe walilijua jambo hili. Edward Steere, mmishonari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu Unguja, alitoa mwaka 1870 kitabu chake cha kuelezea lugha ya Kiswahili kama ilivyosemwa Unguja. Alipotaka kuziandika irabu zetu kwa herufi za Kirumi, hakuzipa thamani ya Kiingereza. Alizipa thamani ya Kiitaliano, kwa sababu katika Kiitaliano a ni a na i ni i. Mwingereza msomi, anayeandika kwa ajili ya Waingereza wenzake, aliona kwamba irabu za lugha yake haziwezi kubeba lugha ya watu wengine bila ya kuivuruga. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, msingi huo wa irabu ulibaki, na ndio tulio nao mpaka leo. Kwa hiyo wepesi wa kusoma Kiswahili ulitokana na uamuzi wa watu waliokaa wakaamua kwamba sauti moja ipate alama yake. Kiingereza hakikupata bahati hiyo.

Kwa nini hakikuipata? Jawabu limo katika historia, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kulielewa akielezwa. Zamani Kiingereza nacho kilikuwa kikisomwa karibu na tunavyosoma sisi. Neno lao la jina, name, lilitamkwa karibu na "naame". Neno knight, lenye herufi k na gh zisizosikika leo, lilikuwa likitamkwa na k yake, na gh yake ilisikika kooni. Baina ya karne ya 15 na ya 18 irabu ndefu za Kiingereza zilihama zote mahali pake kinywani, hatua kwa hatua, hata "naame" ikawa "neim" na "tiime" ikawa "taim". Lakini katikati ya kuhama huko, mwaka 1476, William Caxton alikuwa ameshaweka mtambo wa kwanza wa kupiga chapa huko Westminster, jirani na London. Vitabu vikaenea, macho ya wasomaji yakazoea sura ya maneno, na mwendo wa sauti ukaendelea peke yake. Maandishi yalibaki bandarini, sauti ikatweka tanga. Mtoto wa Pemba akiulizwa kwa nini name haisomeki "name", anastahili jawabu hili la kweli: maandishi unayoyaona ni ya sauti ya watu waliokufa zaidi ya miaka mia tano iliyopita.

Wasomi nao waliongeza ugumu kwa makusudi. Neno la deni, debt, liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa bila ya b, wala hapana aliyeitamka. Wataalamu waliopenda Kilatini waliiingiza b ili neno lifanane na asili yake ya mbali, debitum, na mpaka leo mamilioni ya wanafunzi duniani hukatwa alama kwa kuiacha herufi ambayo haina kazi. Neno la kisiwa, island, lilikuwa halina s, na likatiwa s kwa kudhaniwa kuwa ni ndugu wa neno jengine lililotoka Kilatini, na dhana hiyo ilikuwa ya makosa. Yalikuja majaribio ya kusafisha. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliamuru serikali itumie maandishi mepesi kwa maneno 300, na Bunge la nchi yake likakataa. Mwandishi Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha fedha katika wasia wake ili itengenezwe alfabeti mpya kabisa. Alfabeti ikatengenezwa, kitabu kimoja kikachapwa nayo, na watu wakaendelea na ya zamani. Sababu si ukaidi mtupu. Kiingereza sasa kinasemwa na Waskochi, Wamarekani, Wahindi na Wanijeria, kila watu na matamshi yao, na ukitaka kuandika sauti utalazimika kuamua sauti ya nani. Kwa hiyo lugha hii haitatengenezwa upya kwa ajili yetu. Tunalazimika kuipokea kama ilivyo na kutafuta njia nzuri ya kuiingia.

Nje ya maandishi kuna ugumu wa sauti zenyewe. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini, na zote hizo zinaandikwa kwa herufi zile zile chache. Mtoto wetu husikia ship na sheep kama neno moja, kwa sababu katika lugha yake urefu huo hautenganishi meli na kondoo. Kuna suala la mkazo pia. Katika Kiswahili mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefushwa mkazo huhama pamoja nalo kwa utaratibu ule ule: soma, somesha, somesheana. Katika Kiingereza, photograph ina mkazo mwanzoni, photography ina mkazo silabi ya pili, na photographic silabi ya tatu. Na silabi isiyo na mkazo humezwa, hata irabu yake hugeuka kuwa pumzi fupi isiyo a wala e. Hii ndiyo sababu mtoto anayejua maneno mia tano kwa macho hasikii hata kumi yakisemwa na Mwingereza kwa kasi. Maneno aliyoyajifunza yamekamilika irabu zote, na yale yanayosemwa yamepoteza nusu yake.

Uadilifu unataka tuseme pia penye wepesi. Kiingereza hakina ngeli za majina. Mgeni anayejifunza Kiswahili lazima ajue kwamba ni kiti kirefu, mti mrefu, nyumba ndefu na ukuta mrefu, lakini katika Kiingereza neno la sifa halibadiliki kwa kufuata jina. Kitenzi chake hakibebi mtenda na mtendwa ndani ya neno moja kama chetu. Na sauti ya th, ambayo inawasumbua Wafaransa na Wajerumani watu wazima, haimsumbui mtoto wa Pemba hata siku moja, kwa sababu anasema "thelathini" na "dhahabu" tangu utotoni. Yapo mengine ya kero, kama vile vijineno a na the ambavyo sisi hatuna mfano wake, he na she ambavyo kwetu ni mtu mmoja tu, na vitenzi kama look ambacho hugeuka maana kila kinapofuatwa na after, for, into au down on. Lakini angalieni jambo moja. Kero hizi za mwisho hazina kanuni nyepesi ya kuandika ubaoni. Mtu huzipata kwa kuzisikia mara nyingi mahali pake mpaka ulimi uzizoee. Kwa hiyo nazo zinatupeleka upande ule ule wa sikio.

Na sikio letu lina uwezo. Ushahidi umo midomoni mwetu kila siku, katika maneno ambayo wazee wetu waliyachukua kwa Waingereza bila ya kwenda skuli. Walisikia shirt wakasema "shati". Walisikia nurse wakasema "nesi". Neno cupboard lina p katikati ambayo Mwingereza haitamki, na mzee wetu hakuitamka pia: alisema "kabati". Neno sign lina g isiyosikika, nasi tunasema "saini". Bicycle ina c mbili zenye sauti mbili tofauti, na y iliyosimama mahali pa i fupi, na yote hayo sikio la pwani liliyapita salama likatoka na "baiskeli". Mpakizi wa bandarini, dereva na fundi cherehani waliyapata matamshi karibu sawasawa, kwa kiasi lugha yetu inavyoruhusu. Mwanafunzi wa leo, aliyelipata neno kwanza kwa macho, ndiye anayesema "kupiboadi" na kuitamka g ya sign. Tukilinganisha hawa wawili, hatuwezi kusema kwamba mmoja ana akili kuliko mwengine. Tofauti yao ni mlango walioingilia.

Najua kuna atakayenipinga na kusema: mbona watoto wa Kiingereza wenyewe wanaisoma lugha hiyo, kwa maandishi hayo hayo, na wanafaulu? Jawabu ni kwamba hata wao huchelewa. Mwaka 2003 watafiti Philip Seymour, Mikko Aro na Jane Erskine walitoa matokeo ya kulinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwisho wa mwaka wa kwanza wa skuli, watoto wa Kifini, Kiitaliano, Kijerumani na Kihispania waliweza kusoma sawasawa zaidi ya maneno 90 katika kila maneno 100 mepesi. Watoto waliosoma Kiingereza, nao walikuwa wa Scotland, walisoma 34. Hata mwisho wa mwaka wa pili walikuwa 76. Hao ni watoto waliozaliwa ndani ya lugha, wanaoijua kwa kusema kabla ya kushika kitabu, wenye wazazi wanaoisema na televisheni inayoisema. Wanapoona neno ubaoni, sauti yake wanayo tayari. Ikiwa mwenye lugha anataka miaka zaidi ili aelewane na maandishi yake, tuna haki gani ya kumwita mvivu mtoto wa Jadida ambaye anapewa maandishi hayo kabla ya sauti?

Mwengine atasema: Kiarabu ni kigumu pia, na bado watoto wetu wanahitimu juzuu baada ya juzuu. Pingamizi hili nalipenda, kwa sababu jawabu lake ndilo dawa yenyewe. Chuoni mtoto hapewi msahafu akaambiwa asome peke yake. Maalim husoma, mtoto husikia, kisha hurudia. Akikosea, harudishwi kwa alama nyekundu ya daftarini. Husahihishwa pale pale kwa mdomo, mpaka sauti itoke mahali pake. Na juu ya hapo ipo elimu nzima ya tajwidi inayoeleza wazi kila herufi hutokea wapi, kwenye koo, kwenye ncha ya ulimi au kwenye midomo, na lini sauti huvutwa na lini huingizwa ndani ya sauti ya pili. Mtoto wa miaka tisa katika kisiwa hiki anajua kutenganisha thaa na sini na swadi, sauti ambazo mtu mzima wa nchi nyengine hazisikii tofauti zake. Sasa kwa nini mtoto huyo huyo, akivuka barabara kuingia skuli, afunzwe ship na sheep kwa kunakili kutoka ubaoni? Tunao utaratibu wa kufunza sauti ya lugha ya kigeni, tumeurithi kwa karne nyingi, na tunauacha mlangoni pa skuli. Sisemi Kiingereza kipewe heshima ya Qur'ani, na hilo haliwezi kuwa. Nasema njia ya kusikilizana, kurudia na kusahihishana kwa mdomo inafaa, na walimu wetu wa skuli wengi wao wamepita humo humo.

Litakuja pingamizi la tatu, nalo ni la walimu: mwalimu mwenyewe alijifunza Kiingereza kwa macho, atamfunza vipi mtoto kwa sikio? Hili ni la kweli, na mwalimu asilaumiwe kwalo. Lakini halitaki Mwingereza aletwe katika kila kijiji, wala halitaki mtoto aseme kama mtu wa London. Kiingereza cha Nairobi, cha Kampala na cha Lagos kinasikilizana na dunia. Linalotakiwa ni sauti zitenganishwe, mkazo ukae mahali pake, na mtoto apate saa za kusikia. Zanzibar ilishaonesha kwamba redio inaweza kuingia darasani. Mradi wa RISE, katika muongo wa kwanza wa karne hii, ulipeleka kwa watoto wadogo vipindi vya Tucheze Tujifunze, vyenye nyimbo, michezo na hadithi, na masomo yakamfikia mtoto hata mahali palipokuwa hapana jengo la skuli. Leo simu ya mkononi inaweza kuhifadhi saa mia za masomo ya sauti, na spika ndogo inatosha darasa zima. Wizara ikirekodi masomo hayo kwa mpango, mwalimu wa Wete na mwalimu wa Mkoani watajifunza pamoja na wanafunzi wao, bila ya aibu kwa mtu yeyote.

Na pingamizi la nne ni la mitihani: mtihani ni wa kuandika, kwa hiyo ukimfunza mtoto kusikia utamwangusha. Mimi naona kinyume chake. Mtoto aliyejua neno kwa sikio ana pa kuyatundika maandishi. Asiyelijua ana mchoro tu wa kukariri. Na maandishi ya Kiingereza, pamoja na ukaidi wake, si fujo tupu. Zipo familia za maneno. Anayejua night anaweza kuandika light, right, sight na fight. Anayeelezwa kwamba e ya mwisho isiyosikika hubadilisha irabu iliyo kabla yake, ataona kwa nini mat na mate, bit na bite, not na note zinatofautiana. Mwanafunzi afunzwe familia hizi kwa zamu, na yale maneno machache ya asi, kama debt na island, aelezwe kisa chake ili ayakumbuke. Kinachomchosha mtoto ni kupewa orodha isiyo na sababu, maneno ishirini kila Ijumaa, kila neno likiwa kama halina ndugu wala historia. Akili ya mtoto hutafuta utaratibu. Tukimficha ule uliopo, ataamini kwamba haupo, kisha ataamini kwamba yeye hana akili.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo zito zaidi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba Hisabati na masomo ya sayansi yasomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Nia yake ilikuwa njema: kumtayarisha mtoto mapema kwa ajili ya sekondari, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kusomeshea. Lakini tuangalie kinachotokea mtoto wa miaka kumi au kumi na moja anapopewa somo la mmea au la sehemu za namba kwa lugha ambayo sauti yake hajaipata. Mwalimu huandika ubaoni, mtoto hunakili, na wote wawili huelezana kwa Kiswahili yale ya lazima. Daftari hujaa, na mtihani huulizia daftari. Hivyo mtoto hupoteza mara mbili: sayansi haikuingia, na Kiingereza nacho hakikuingia, kwa sababu kimekuja kwa njia ya macho peke yake. Tanzania imeonywa juu ya hili kwa muda mrefu. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta, katika ripoti ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kitumike kusomeshea sekondari. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa nchi hii wakaona kiwango chao kwa sehemu kubwa hakitoshi kujifunzia masomo mengine. Pendekezo la Makweta halikutekelezwa, na kipimo cha Criper na Dodd kilijibiwa kwa miradi ya kukuza Kiingereza. Zaidi ya miaka arubaini baadaye bado tunamtaka mtoto ajifunze lugha na ajifunze kwa lugha hiyo kwa wakati mmoja.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuanza mapema zaidi, tangu darasa la kwanza. Kuanza mapema kusikia, nakubali, tena kwa mikono miwili: nyimbo, hadithi fupi, amri za mchezo, maneno ya nyumbani. Kuanza mapema kusoma na kuandika kwa Kiingereza, kabla mtoto hajasimama katika maandishi ya Kiswahili, ni kumvunjia imani kabla haijakomaa. Na wapo watakaomtaja Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza. Tumtaje kwa fahari. Lakini Gurnah aliondoka akiwa kijana, na amekaa Uingereza zaidi ya nusu karne, akiisikia lugha hiyo asubuhi na jioni. Anathibitisha kwamba mtu wa visiwa hivi anaweza kuifikia lugha hiyo mpaka kileleni. Anathibitisha pia sikio linafanya kazi gani likipewa muda. Sera haiwezi kujengwa juu ya mtu mmoja mwenye kipaji. Hujengwa juu ya mtoto wa kawaida, mwenye mwalimu wa kawaida, katika darasa lenye watoto wengi.

Simo katika wale wanaotaka Kiingereza kiachwe. Kijana wa Jadida anakihitaji chuo kikuu, anakihitaji akitaka kazi katika hoteli au melini, na anakihitaji ili asome maelezo ya dawa na mkataba wa kazi bila ya kumtegemea mtu. Kwa sababu anakihitaji hivyo, afunzwe kwa njia inayofika. Kwa hiyo nayaomba mambo matatu. Kwa mwalimu: neno jipya lisikike na lirudiwe kwa mdomo na darasa zima kabla halijaandikwa ubaoni, na mtoto akisoma herufi isiyosikika, aambiwe kwamba lugha ndiyo yenye kioja, yeye ameisoma kama alivyofunzwa kusoma. Kwa mzazi: asimcheke mtoto anayetamka vibaya, kwa sababu anayechekwa hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi kusema. Kwa wizara: kwanza, Hisabati na sayansi za darasa la tano na la sita zirudi katika lugha anayoifahamu mtoto; pili, saa za Kiingereza ziongezwe na zijazwe sauti, iwe ya mwalimu, ya redio au ya rikodi; tatu, mtihani wa Kiingereza uwe na sehemu ya kusikiliza na kusema, kwa sababu skuli hufunza kile kinachopimwa. Mtoto wetu ameshaonesha chuoni kwamba anaweza kuzitoa sauti za lugha ya mbali kwa usahihi wa kushangaza. Uwezo anao, na wajibu wa kuupa njia ni wetu sisi wakubwa.